Kupiga Picha za Mpira na Habari Bambu: Mwongozo kwa Anayeanza

Picha nyingi za mkoa wa Ituri zinazofika Kinshasa na ng'ambo huonyesha mambo mawili: dhahabu na vita. Yote mawili yapo, hakuna wa kubisha. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, kampuni ya Kilo-Moto ikaifanya Bambu kuwa mji wa migodi, na vita vimepita hapo mara nyingi kuliko wakaazi wanavyopenda kukumbuka. Lakini Jumapili alasiri kiwanja kinapojaa, kipa akaruka, mama muuza mandazi akaacha beseni lake ili apige kelele, hakuna mgeni atakayesafiri na kamera yake kwa ajili ya hayo. Mwenye kuyapiga ni mtu wa Bambu mwenyewe.

Na watu wa huku wanaweza. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mpiga picha Finbarr O'Reilly pamoja na Tuzo ya Carmignac ya upigaji picha za habari walianzisha mradi wa Congo in Conversation. Wakongomani wenyewe ndio waliopewa kazi ya kuonyesha nchi yao, miongoni mwao Dieudonné Dirole wa Ituri, Moses Sawasawa na Arlette Bashizi wa Kivu. Picha zao zilitazamwa duniani kote.

Mwongozo huu ni wa kijana, wa kike au wa kiume, anayetaka kulisha picha gazeti dogo la mahali pake: karatasi chache zinazochapwa Bunia, mji mkuu wa mkoa, gazeti la ukutani linalobandikwa parokiani au shuleni, au kurasa za PDF zinazozunguka kwa WhatsApp. Ituri ni nchi ya redio. Radio Candip na Radio Canal Révélation watu wamezizoea. Gazeti lenye picha linawapa kitu ambacho redio haina, yaani sura za watu. Ndiyo maana nashauri uanze na mpira wa miguu. Mpira unazoeza mkono na jicho, lakini zaidi ya hapo unakulazimisha kuandika majina ya watu bila kosa. Ukiisha kulizoea hilo, ndipo utakapokuwa tayari kwa habari nzito, ambako swali linageuka: jina gani uandike, na lipi ulifiche.

Hatua ya kwanza: chombo

Anza na simu uliyonayo. Simu inatosha kwa sokoni, shuleni, kanisani, kwa wachezaji wa akiba na kwa mashabiki. Haitoshi kwa mchezaji aliye katikati ya kiwanja, na usijidanganye kwa kuvuta picha kwa vidole viwili, maana ukivuta hivyo unapunguza tu ubora wa picha. Sogea kwa miguu. Simu nyingi zinapiga picha mfululizo ukishikilia kitufe au ukikivuta pembeni. Jaribu nyumbani kabla ya siku ya mechi.

Ukipata fedha, tafuta kamera iliyotumika yenye kubadilisha lenzi, na lenzi inayofika milimita 200 au 300. Kwa mpira, lenzi ndefu ya kawaida kwenye kamera ya zamani ni bora kuliko kamera mpya yenye lenzi fupi. Kabla ya kulipa, fanya hivi: piga picha ishirini mfululizo usikilize kama mashine inakwama. Piga ukuta mweupe, kisha ukuze picha utazame madoa. Toa betri na uirudishe. Weka kadi yako mwenyewe, piga, na uisome kwenye kompyuta. Muuzaji anayekataa majaribio hayo mwache na kamera yake.

Nunua betri ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Umeme hautabiriki, na anayechaji kwa sola ya jirani anajua siku ya mawingu inavyoharibu mipango. Na tafuta mfuko wa plastiki mgumu. Uutoboe tundu la lenzi na uufunge kwa raba. Vumbi jekundu la huku linaingia kwenye kamera kimyakimya, na mvua huja bila kupiga hodi.

Hatua ya pili: jua na uso

Bunia iko karibu nyuzi moja na nusu kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanazama gizani, na mwenye kofia hana uso kabisa. Mechi nyingi huanza kama saa tisa na nusu alasiri, na jua linazama karibu na saa kumi na mbili. Mwanga mzuri basi unakuja kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza kitumie kusoma mchezo na kupiga mambo ya pembeni, nguvu zako uziwekee saa kumi na nusu.

Simama jua likiwa mgongoni mwako au kando yako. Kisha angalia tatizo ambalo vitabu vingi vya ng'ambo hulipitia juujuu: kamera hupima mwanga kwa kukisia. Ikiona mbingu nyeupe au jezi nyeupe, inadhani mwanga ni mwingi mno na kuipunguzia picha yote mwanga, na uso wa mchezaji mweusi unageuka kivuli chenye meno. Kwenye kamera kuna kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa. Panda hadi +0.7 au +1. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole kisha uvute jua dogo juu. Mbingu ikiungua kidogo si hasara. Watu wanafungua gazeti kutafuta nyuso.

Kwa kasi, weka kamera kwenye S au Tv na uchague 1/1000 ya sekunde kukiwa na jua. Mawingu yakija, shuka hadi 1/500, lakini usishuke zaidi, kwa sababu miguu na mpira vitafifia. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, anza na 400. Jioni panda 1600, hata 3200. Picha itakuwa na chembechembe, na chembechembe zinavumilika kwenye karatasi. Uso uliofifia hauna dawa. Ulengaji uweke kwenye ule wa kumfuata anayekimbia.

Hatua ya tatu: kiwanjani

Fika nusu saa kabla. Msalimie refa, viongozi wa timu zote mbili, na papa anayetunza kiwanja. Jitambulishe kwa jina na jina la gazeti. Hiyo ni adabu, na pia ni kinga: watu wanaokujua hawatauliza katikati ya mechi nani amekutuma.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, Leopards wa Kongo walijipanga kwa wimbo wa taifa kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakaziba midomo kwa kiganja kimoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia juu ya mauaji ya mashariki, yaani juu yetu. Kongo walifungwa 1-0 na matokeo watu wengi wameshayasahau, lakini picha ile bado inazunguka. Ilipigwa kabla mpira haujaguswa.

Kipindi cha kwanza kaa karibu na bendera ya kona, upande ambao timu yenye nguvu inashambulia. Piga goti. Aliyesimama anapiga vichwa vya watu na nyasi. Aliyepiga goti anapata wachezaji warefu, mbingu, na mashabiki nyuma yao. Tazama kilicho nyuma: kundi la watoto ni zuri, choo na pikipiki zilizoegeshwa si nzuri. Ukiona nyuma ni pabaya, hama mita tano tu, mara nyingi zinatosha. Usizunguke kiwanja chote ukikimbizana na mpira, utachelewa kila mahali.

Picha ya mechi inataka vitu vitatu vikutane: mpira, uso na kugombania. Usisubiri mpaka uone tukio ndipo ubonyeze, maana ukishaliona limeshapita. Bonyeza mchezaji anapoanza kuvuta mguu, au mpira unapoanza kushuka kuelekea vichwa viwili. Jicho lako la pili liache wazi ili uone anayekuja kutoka pembeni.

Halafu goli likiingia, ondoa kamera kwenye mpira. Tarehe 14 Desemba 2010 TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Magoli yalifungwa na Kabangu na Kaluyituka. Lakini ukiwauliza watu wa Lubumbashi wanakumbuka nini, watakuonyesha kipa Robert Kidiaba akiruka-ruka kwa makalio kwenye nyasi, mbali na goli lililofungwa. Mpiga picha aliyebaki na mfungaji alipata picha ya kawaida. Baada ya kila goli hesabu haraka moyoni: mfungaji, kipa aliyefungwa, kocha, mashabiki. Kila mmoja sekunde mbili tatu. Aliyefungwa mara nyingi ana uso wenye mengi zaidi ya kusema.

Zoezi: katikati ya wiki nenda kwenye mechi ya watoto wa mtaa. Mechi ya kwanza piga kipa tu, hata akikaa bila kazi. Mechi ya pili piga watazamaji tu. Mechi ya tatu ruhusa ya kupiga mara kumi na mbili, basi. Zoezi hili la tatu ndilo linaloumiza na ndilo linalofundisha, kwa sababu kubonyeza ovyo kunamzuia mtu kufikiri. Na mechi za wasichana zipige kwa bidii ileile. Wachezaji wa kike huku mara nyingi wanacheza bila mwandishi hata mmoja kando ya mstari.

Hatua ya nne: majina

Mwaka 1974, tarehe 22 Juni, Zaire ilicheza na Brazil kule Gelsenkirchen. Brazil wakapewa faulo, wakajipanga kupiga. Beki Mwepu Ilunga akachomoka ukutani, akaupiga mpira mbali. Alionyeshwa kadi ya njano, na kwa miaka mingi watu wa Ulaya waliirudia picha hiyo wakicheka Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alizijua vizuri na alifanya makusudi: wachezaji walikuwa chini ya vitisho vya utawala na hawakulipwa fedha zao. Picha ni ileile. Maneno yaliyokuwa chini yake ndiyo yaliyomfanya mtu aliyeonewa aonekane mjinga. Ndiyo sababu sikubali mpiga picha aseme, «kuandika ni kazi ya mhariri».

Kabla ya mechi, omba karatasi ya mechi kwa kamisaa au kwa viongozi na uipige picha. Timu za huku wakati mwingine zinavaa jezi zisizo na namba, au namba 7 wawili. Basi panga kila timu mistari miwili, wapige, kisha mwombe kapteni ataje majina kutoka kushoto kwenda kulia huku ukirekodi kwa simu. Andika pia alama: bukta ya bluu, bandeji mguuni, nywele zilizosukwa. Jioni utashukuru.

Kwa tahajia, mpe mhusika kalamu aandike mwenyewe. Majina ya Ituri yana Ndj, Ngb, Dz na Dh, na sikio pekee halitoshi. Herufi moja ikikosewa, inaweza kumhamisha mtu kutoka ukoo wake. Kisha maelezo yajibu haya kwa sentensi mbili: ni nani, anafanya nini, na nani, wapi, tarehe gani, matokeo yalikuwaje. Usiandike «furaha ilitawala». Furaha inaonekana. Andika kisichoonekana: kwamba ilikuwa dakika ya 80, kwamba timu ilisafiri kwa pikipiki kutoka Nizi.

Hatua ya tano: kutoka kiwanjani hadi habari

Daraja lililobomoka, bei ya maharagwe, watoto wanaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, foleni ya hospitali. Kila habari piga kwa umbali wa aina tatu: mbali, ili mahali pajulikane; kati, mtu akiwa katika kazi yake; karibu kabisa, mikono au kitu. Daraja bila mtu halina kipimo. Msubiri mama mwenye mzigo kichwani afike ukingoni, ndipo msomaji atakapojua shimo lina kina gani. Kwenye sherehe za wakubwa, piga picha moja ya utepe unaokatwa, inatosha. Kisima kilichozinduliwa kipige kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, wanawake wakiteka maji, au wakikuta hakitoi.

Mwenye sherehe akikupa bahasha, ile wenzetu wanayoiita coupage, irudishe kwa heshima: «Asante papa, gazeti ndilo linalonipa usafiri.» Najua maisha ni magumu na najua wanaoichukua wana watoto wa kulisha. Lakini aliyelipa atataka kuchagua picha, na siku kisima chake kitakapokauka hutaweza kurudi na kamera.

Hatua ya sita: kuficha

Hapa ndipo mpira na habari zinapoachana. Kiwanjani tumesema kila uso uwe na jina. Katika Djugu, eneo letu hili la Bambu, jina la mtu linaweza kueleza kabila lake kabla hajafungua mdomo, na picha inaweza kumfikia mwenye silaha haraka kuliko inavyomfikia msomaji. Jiulize kila mara: mtu huyu akionekana leo jioni kwenye kila simu ya Bambu na Bunia, kesho atalala wapi?

Aliyekimbia mashambulizi, aliyeshuhudia mauaji, aliyebakwa: uso hapana, jina hapana, na nyumba yake pia hapana. Piga mikono, kivuli, mgongo ukutani, na uhakikishe nguo au kovu halimtambulishi. Kufifisha uso kwa programu baadaye hakutoshi kama picha ya asili inabaki kwenye simu yako. Mtoto ni zaidi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto pamoja na maisha yake binafsi, na ruhusa yake uiombe kwa mzazi au mlezi. Mgonjwa vilevile. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao Kivu Kaskazini, wengine hapa Ituri, na waliopona walirudi nyumbani wakakuta majirani wanawakwepa. Picha iliyowaonyesha kitandani haikuwasaidia.

Maiti usizipige kwa ajili ya gazeti. Baada ya shambulio la kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, ambako watu wapatao 60 waliuawa, habari ilikuwepo katika makaburi, katika vibanda vilivyoachwa, katika waliobaki ambao walikubali kusema. Uliza kwanza, kamera ikiwa chini: «Mama, pole sana. Natoka gazetini. Naweza kukaa kidogo?» Akikataa, kaa naye bila kamera, au ondoka.

Wewe nawe uko hatarini. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Kwa hiyo usipige askari, barieri, kambi, magari ya jeshi wala uwanja wa ndege bila ruhusa, hata kama ni kwa bahati nyuma ya picha nyingine. Tembea na ordre de mission, yaani barua ya kazi, yenye mhuri wa gazeti, na kadi ya UNPC, umoja wa wanahabari wa Kongo, ukiipata. Uhuru wa habari unasimamiwa na amri-sheria namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023. Soma na uijue, lakini usiitoe mfukoni kama fimbo mbele ya askari mwenye njaa saa kumi na mbili jioni. Kwenye migodi, zungumza kwanza na mkuu wa shimo na wachimbaji wenyewe. Wengi wana sababu nzuri za kuogopa kamera.

Zima kipengele cha mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu, kwa kuwa kila picha inaweza kubeba ndani yake pointi ya ramani. Kabla ya kupita barieri, hamisha picha nyeti na uzifute kwenye simu, pamoja na kwenye kapu la zilizofutwa. Mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na saa ya kurudi. Hakuna picha ya gazeti la kurasa nne inayostahili kaburi.

Hatua ya saba: kuchagua na kutuma

Usiku uleule tazama zote mara moja kwa haraka, weka alama kwa ishirini, kisha ubaki na tano. Kata pembe zisizo na kazi, rekebisha mwanga, nyoosha upeo. Usiongeze mpira wala kumfuta mtu. Mwaka 2003 mpiga picha Brian Walski wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za Basra kuwa moja iliyopendeza zaidi. Gazeti lilimfukuza mara lilipojua.

Ukituma Bunia kwa WhatsApp, usitume kama picha, maana programu itaibana na mchapaji atapata ukungu. Tuma kama hati. Jina la faili lianze na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha Bambu, kisha tukio. Maelezo yaandike ndani ya ujumbe huohuo, ili picha isisafiri bila maneno yake.

Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski au flashi, na nyingine nyumbani kwa mtu unayemwamini Bunia. Huku familia hukimbia na nguo tu, na albamu za miaka arobaini zimeungua pamoja na nyumba. Kadi usiifute mpaka umezihesabu zote tatu.

Gazeti likitoka, peleka nakala kwa kapteni wa kila timu kabla ya mechi inayofuata. Mwache asome majina kwa sauti mbele ya wenzake. Wakisahihisha moja, liandike hapohapo kwenye daftari, na toleo lijalo lichapishe sahihisho ukurasa uleule lilipotokea kosa.